Anayerudi Bwawani Aanze na Pumzi

Ukiwauliza watu wazima waliokulia Pangani, Lamu, Nungwi au Kigoma kama wanajua kuogelea, wengi watakujibu upesi kwamba wanajua, kisha wataongeza kwamba ni miaka mingi hawajaingia majini. Walijifunza utotoni kwa kuruka kutoka gatini maji yakijaa, au kwa kuwafuata kaka zao ziwani. Wachache walifundishwa kwenye bwawa la shule. Halafu ikaja mitihani, ikaja kazi, ndoa, kuhamia mjini, na maji yakabaki ya ndoo na kopo. Miaka 20 baadaye daktari anawaambia magoti hayawezi tena mbio za barabarani, au mtoto anaanza masomo ya kuogelea na mzazi anaona haya kukaa kando ameshika taulo. Hapo wazo la kurudi huja, na pamoja nalo jibu lililozoeleka: kuogelea ni kama baiskeli, ukishajua umejua, mwalimu wa nini? Usemi huo una ukweli, na naamini ukweli wake ndio hasa unaomfanya mtu mzima anayerudi amhitaji mwalimu. Mwili wake haujasahau. Umeihifadhi namna aliyokuwa akiogelea akiwa na miaka 12, pamoja na makosa yake yote, na sasa unataka kuitumia kwa kifua na misuli ya mtu wa miaka 40.

Kwamba mwili huhifadhi kazi za viungo si imani ya vijiweni tu. Mwaka 1962 watafiti wawili wa Marekani, Edwin Fleishman na James Parker, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walifundishwa kufuatisha alama kwenye mtambo kwa usukani wa mkono na pedali za miguu, kazi iliyofanana na kurusha ndege. Walipoitwa tena baada ya miezi mingi, wengine baada ya miaka 2, walikuwa wamepoteza kidogo sana, na hicho kidogo walikirudisha katika dakika chache za mazoezi. Kuogelea kumo katika kundi hilohilo la kazi, yaani mwendo unaojirudia bila kukatika, mkono huu ukimaliza ule unaanza. Mwaka huohuo Brenda Milner wa Montreal alieleza habari za mgonjwa aliyejulikana kwa herufi H.M., ambaye baada ya kufanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake ya kila siku. Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama kwenye kioo. Siku hadi siku mkono wake ulizidi kuwa stadi, ingawa kila alipokaa mezani aliamini hajawahi kuuona mchoro ule. Kisa hiki husimuliwa sana kwa ajili ya maajabu yake, lakini kwa mwogeleaji kina jambo la manufaa zaidi: ujuzi wa viungo hukaa mahali ambapo mwenye nao hawezi kuuchungulia. Mtu aliyejifunza kuogelea utotoni hajui hasa shingo yake inafanya nini majini. Asichokijua hawezi kukisahihisha peke yake, hata akirudia mara elfu. Kurudia kutakikaza tu.

Makosa yenyewe ni ya aina chache, na kubwa kuliko yote ni kichwa. Waliojifunza baharini au ziwani bila mwalimu huogelea kichwa kikiwa juu, na walikuwa na sababu nzuri: chumvi inawasha macho, wimbi linataka kutazamwa, wenzao wako mbele na lazima waonekane. Sasa zingatia uzito. Mwili wa binadamu wenye mapafu yaliyojaa hewa kwa kawaida ni mwepesi kidogo kuliko maji ya bwawa, na wepesi huo huongezeka katika maji ya bahari, ambayo lita 1 yake ina takriban kilo 1.025. Lakini wepesi huo haukugawanywa sawa. Uko kifuani, penye hewa, ilhali nyonga na mapaja, penye mifupa mikubwa na misuli, ni mazito. Ndiyo maana mtu akilala juu ya maji miguu hutaka kushuka, na wanaume wembamba wenye misuli huliona hilo zaidi kuliko wenzao wanene. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Kikiwa ndani ya maji, maji ndiyo yanayokibeba. Kikiinuliwa nje, mzigo wake unarudi mwilini, kifua kinashuka, nyonga zinafuata, na mtu aliyedhani amelala kumbe amesimama nusu, akisukuma maji kwa kifua na mapaja. Na maji hayasamehe. Ukitaka kuongeza kasi maradufu, ukinzani wake huongezeka takriban mara 4, na nguvu unayotakiwa kutoa takriban mara 8. Mtoto wa kilo 30 anaweza kuyastahimili hayo kwa utundu. Mtu wa kilo 85 hawezi, kwa hiyo hujibu kwa kupiga miguu kwa nguvu zaidi, na mapaja ndiyo misuli inayokula oksijeni kuliko yote.

Mtazame huyo mtu akivuka bwawa la mita 25 siku yake ya kwanza. Anausukuma ukuta vizuri, mikono inazunguka kwa mpangilio ambao hata yeye anaushangaa, na mita 10 za mwanzo zinapita kwa furaha. Amebana pumzi. Anapoinua uso ili avute hewa, inambidi atoe ya zamani na kuingiza mpya katika muda usiofika sekunde moja, na haiwezekani. Anatoa nusu, anaingiza nusu. Kinachoanza kumtesa hapo kwa kawaida si upungufu wa oksijeni. Ni kaboni dayoksaidi inayorundikana kwenye damu, na hiyo ndiyo inayouamuru ubongo kudai hewa. Kifua kimejaa hewa iliyochakaa, na mwenyewe anahisi hana hewa kabisa. Kufika mita ya 18 hivi kichwa kimepanda juu zaidi, miguu imezama zaidi, na mikono imepoteza mpangilio ule mzuri. Anashika ukingo wa bwawa akihema, na anajiambia kwamba tatizo lake ni kukosa mazoezi. Kwa sehemu ndivyo. Lakini angepewa mwezi mmoja wa kukimbia ufukweni bila kubadilisha pumzi, angefika ukingoni akihema vilevile.

Dawa yake haina fahari yoyote. Unasimama kwenye maji ya kifuani, unashika ukuta, unazamisha uso na kutoa hewa polepole puani mpaka mapovu yaishe, kisha unageuza kichwa pembeni, sikio moja likibaki majini, unavuta hewa mdomoni na kurudisha uso chini. Hapo kichwa hakiinuliwi, kinazungushwa. Maji yanakikandamiza kifua, kwa hiyo kutoa pumzi ndani yake kwa utaratibu ni kazi inayofundishwa kama inavyofundishwa mikono. Mtu mzima akipewa zoezi hili siku ya kwanza hujiona amerudishwa chekechea, hasa ikiwa mtoto wa miaka 6 yuko njia ya pili anavuka bwawa. Naelewa kwa nini wengi huacha hapo. Ila ndilo zoezi lenyewe. Mengine yote katika mtindo huru yanasimama juu yake.

Kuna upande wa pili wa hesabu hii. Wakati ujuzi wa viungo unakaa, uwezo wa moyo, mapafu na misuli haukai. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake nchini Marekani waliwafuatilia wanariadha waliokuwa wamefanya mazoezi makali kwa miaka, kisha wakaacha. Katika wiki 3 za mwanzo uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 hivi, na ndani ya miezi 3 ulikuwa chini kwa asilimia 16. Hao ni wanariadha, na ni miezi, si miongo. Mtu aliyekaa ofisini miaka 20 ana umri pia wa kuhesabu. Basi ndani ya mwogeleaji huyu mmoja mnakaa vitu viwili vilivyozeeka kwa kasi tofauti: mkono unaoamini bado uko mwaka ule wa shule, na moyo ulio mwaka huu. Mwanafunzi mpya kabisa hana hatari hiyo. Yeye anaogopa, na hofu yake inamweka kwenye maji ya kiunoni. Anayerudi ndiye anayekwenda moja kwa moja kwenye kina, kwa sababu hatua zake za mwanzo zinamthibitishia kwamba bado anaweza.

Jambo hili la watu kujikadiria vibaya limechunguzwa. Robert Stallman, mtaalamu wa Norway ambaye pia amefanya kazi na chama cha uokoaji majini cha Tanzania, ni mmoja wa waliowapima wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi kadhaa, wakilinganisha kile ambacho vijana hao walisema wanaweza na kile walichokionyesha majini. Vitu hivyo viwili viliwiana kwa kiasi tu. Mwaka 2017 Stallman na wenzake watatu walichapisha orodha ya stadi 15 ambazo kwa maoni yao ndizo zinazomkinga mtu asizame. Kwenda mbele kwa mikono na miguu ni mojawapo tu. Nyingine ni kuingia na kutoka majini salama, kudhibiti pumzi, kuelea, kujigeuza, kuogelea na nguo mwilini, kuzijua hatari za mahali ulipo, na kuujua uwezo wako mwenyewe. Ukiisoma orodha hiyo ukimfikiria mtu aliyejifunza gatini, utaona anazo baadhi kwa ubora kuliko mwanafunzi wa bwawani: kuruka, kupiga mbizi, kulisoma wimbi. Stadi ya kuelea kimya bila kufanya lolote, ambayo ndiyo inayonunua muda, mara nyingi hana. Alipokuwa mtoto hakuihitaji. Alikuwa hachoki.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa watu wa pwani wenyewe, nao wana haki ya kulitoa. Bahari, watasema, imewafundisha mababu bila kipenga wala miwani, na bwawa ni mchezo wa wageni wa hoteli. Sina ugomvi na bahari. Ninachokataa ni kuifanya mahali pa kurejea baada ya miaka. Katika pwani yetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hufika karibu mita 4, ndani ya saa 6 tu. Maji hayo yote hupita kwenye mikondo na milango ya miamba kwa kasi ambayo hata kijana mwenye nguvu hawezi kushindana nayo. Anayekaa ufukweni anajua aingie lini. Aliyeondoka miaka 20 iliyopita hana tena kalenda hiyo kichwani, na pengine mlango wa mkondo wenyewe umehama. Akitaka kurudia baharini, na achague siku za maji mafu, maji yanapokaribia kujaa, sehemu ambayo miguu inafika chini, na awe na mtu anayeitazama bahari kila siku. Ziwani kuna jambo jingine. Maji ya ukingoni yenye magugu katika Ziwa Victoria, ambayo ndiyo yanaonekana salama kwa anayeanza, ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa ya vidonge, lakini si ada ya kulipa kila wiki kwa ajili ya mazoezi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wenye uchungu wana haki ya kulitamka. Kivuko cha Mtongwe kilipozama Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa karibu kabisa na ufuko. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Masomo ya kuogelea yangewasaidia nini watu walionaswa chini ya meli iliyopinduka? Wengi wao, hakuna. Waliouawa na kujaza abiria kupita kiasi na ukaguzi uliolegea hawakuuawa na kukosa kwao masomo, na atakayeugeuza msiba huo kuwa tangazo la bwawa atakuwa anamwondolea mzigo asiyestahili kuondolewa. Lakini meli kubwa si picha nzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu takriban 300,000 walikufa maji duniani, zaidi ya asilimia 90 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wa hao hawaandikwi magazetini: mvuvi aliyeanguka kutoka mtumbwini, mtu aliyevuka mto wakati wa mvua, kijana aliyekwenda kuoga na wenzake Jumapili. Katika ajali za namna hiyo, mtu anayeweza kulala chali na nguo zake, akadhibiti pumzi, akashika dumu tupu au ubao na kungoja, ana nafasi ya kweli. Hilo hufundishwa kwa masomo machache, na halihitaji mtindo mzuri.

Umri ni pingamizi dogo, ingawa ndilo linalotajwa sana. Dara Torres wa Marekani aliacha mashindano baada ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, akarudi, na mwaka 2008 mjini Beijing, akiwa na miaka 41, akachukua medali 3 za fedha, moja akiikosa dhahabu kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Yeye ni mtu wa pekee na simtaji ili yeyote ajipime naye. Inatosha kuonyesha kwamba bega la miaka 41 halijafa. Kwa mtu wa kawaida jambo la kuuliza kabla ya kuanza ni la kitabibu. Mwili ukiingia majini hadi shingoni, damu nyingi husogea kifuani na moyo hupata kazi ya ziada, kwa hiyo mwenye presha, ugonjwa wa moyo au pumu azungumze na daktari wake kwanza, na mwalimu ajue.

Kwa wanawake wa pwani suala lina sura yake. Msichana huchezea majini na kaka zake mpaka anapokaribia kuvunja ungo, kisha huambiwa inatosha. Kwa hiyo kurudi majini baada ya miaka mingi, ambako kwa mwanamume ni kurekebisha uzembe wake mwenyewe, kwa mwanamke mara nyingi ni kuendelea na kitu alichokatazwa. Wapo wanaosema katazo hilo ni la dini. Mradi wa Panje, unaofanya kazi kaskazini mwa Unguja tangu mwaka 2011, umelijibu hilo kwa vitendo: wanawake na wasichana hujifunza wakiwa na mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, wakielea, wakiogelea na kuokoana, na miongoni mwao ni wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini. Stara haikuguswa. Kilichokosekana siku zote kilikuwa walimu wa kike na saa maalumu za wanawake. Mameneja wa mabwawa ya mijini wanaolalamika kwamba asubuhi za katikati ya wiki hawana wateja wangefanya vizuri kulitafakari hilo, kwa faida yao ya biashara kama si kwa nyingine.

Linabaki la pesa, na hapa sitajifanya kwamba halipo. Mabwawa yetu mengi yako hotelini, katika klabu na shule za kulipia, na ada ya mwezi inaweza kumaliza pesa ya nauli ya mtu. Hata hivyo hesabu ya anayerudi si ile ya anayeanza sifuri. Mikono yake ipo, uoga wa maji hana, kuruka anajua. Anachonunua ni jicho la mtu mwingine juu ya kichwa chake na pumzi yake. Masomo machache yaliyopangwa vizuri, yakifuatwa na mazoezi ya peke yake kwenye maji ya kifuani, humfikisha mbali kuliko kifurushi cha miezi 6. Sharti ni mwalimu ajue anashughulika na nani. Mwalimu mzuri atamuuliza alijifunzia wapi na ni lini mara ya mwisho aliogelea, atamtaka alale chali kwa dakika nzima bila kusogeza mkono, kisha atoe mapovu ukutani huku yeye akitazama shingo. Yule anayemwamuru avuke bwawa mara 4 siku ya kwanza ili aone kiwango chake atakuwa amemchosha tu, na anayerudi ana haki ya kutafuta mwingine.